Kompyuta Haina Mjomba

Najua nimekuwa kimya. Wengine mmeniuliza kama nimehama mji, au nimeacha kuandika programu nikaanza kuuza mabuyu pale Makadara. Sijahama, na mabuyu bado nanunua tu. Nilikuwa na kazi, kazi ikaharibika, na namna ilivyoharibika ndiyo mada ya leo. Ni ndefu kidogo, kwa hivyo chukua kahawa chungu na kipande cha kashata, ukae.

Miezi michache iliyopita nilipewa kazi na shule moja ya sekondari ya binafsi. Siitaji jina, na tafadhali msianze kubashiri kwenye maoni. Ni shule inayotafutwa sana: nafasi chache, maombi mengi, mtihani wa kuingia. Walikuwa wakifanya kazi yote kwa makaratasi na jedwali moja la kompyuta ambalo wakilifungua watu wawili kwa pamoja, data ya mmoja inapotea. Walitaka programu ya wavuti. Mzazi ajaze fomu, alama ziingizwe, orodha itoke. Nikahesabu ni kazi ya wiki sita. Nilikubali siku ile ile.

Kikao cha tatu akaja mzee mmoja ambaye sikuwa nimemwona kabla. Akajulishwa kwangu kuwa ni mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa zamani, na kwamba chama chake ndicho kinacholipia programu. Mzee wa heshima, kanzu imepigwa pasi, maneno taratibu. Akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Kibokoni. Akauliza mtoto wa nani, nikamwambia, na kumbe alisoma madrasa na babu yangu. (Mkitaka kujua kisiwa hiki ni kidogo kiasi gani, hivyo ndivyo.) Tulipomaliza salamu akaniambia:

"Mwanangu, kazi yako nzuri, mashallah. Twataka kitu kimoja tu. Utie pahala pa kuonyesha kama mtoto ana mzazi au ndugu aliyesoma hapa. Akiwa naye, aongezwe alama nne. Nne tu, si nyingi."

"Sawa mzee. Na hilo litaandikwa kwenye fomu ili wazazi wote walijue?"

Akacheka kwa upole. "La, mwanangu. Hayo ni mambo ya ndani."

Kwa mwandishi wa programu hilo ni ombi dogo sana. Unaongeza safu moja kwenye hifadhidata, unaiita jamaa, jibu ni ndiyo au hapana. Halafu mstari mmoja wa hesabu: kama jamaa ni ndiyo, alama ya mwisho ni alama pamoja na nne. Dakika kumi, ukijumlisha na muda wa kupiga chai. Nilirudi nyumbani nikafungua kompyuta niiandike. Kisha, kwa tabia ya kazi yetu, nikaanza kuijaribu kwa data ya kubuni kabla ya kuiweka. Hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza.

ALAMA NNE SI NYINGI?

Fuatana nami, hesabu ni ya darasa la nne. Tuchukue shule yenye nafasi 40 na mtihani wa alama 100. Tuseme hakuna aliyepita 83, na katika kila alama kuanzia 83 kushuka wako watoto 10. Wenye 83 ni 10, wenye 82 ni 10, hivyo hivyo kuteremka. Na katika kila 10, wawili ni watoto au ndugu za wanafunzi wa zamani.

Bila nyongeza, nafasi 40 zinajaa kwa wenye 83, 82, 81 na 80. Jamaa wanane, wengine 32. Jamaa ni asilimia 20 ya waombaji na ni asilimia 20 ya walioingia.

Sasa ongeza zile nne. Jamaa waliopata 80 hadi 83 wanapanda, lakini hao wangeingia hata hivyo. Jamaa waliopata 79, 78 na 77 sasa wana 83, 82 na 81. Wako sita. Watoto wasio jamaa wenye 83, 82 na 81 ni 24. Jumlisha: 8 na 6 na 24 ni 38. Zimebaki nafasi mbili, na zinagombewa na watoto 10 wenye 80: wanane walioifanyia kazi 80 yao, na wawili waliopata 76 wakasukumwa.

Kwa hivyo jamaa wametoka 8 wakawa 14 kwa uchache. Kutoka asilimia 20 hadi asilimia 35. Na wale watoto wanane wasio na mtu, waliopata 80 na ambao jana wote walikuwa ndani, leo sita kwa uchache wako nje. Hakuna atakayewaambia kwa nini. Watapata barua ya kuwashukuru na kuwatakia heri.

Nyongeza ndogo haimgusi aliye juu kabisa wala aliye chini kabisa. Inawapiga walio mpakani. Na shule inayogombewa, au chuo kinachogombewa, maana yake hasa ni kwamba karibu kila mtu yuko mpakani. Ndiyo maana neno "nne tu" linadanganya. Pale ambapo watu wamebanana, nne ni nyingi sana.

HAWA WENZETU WA MAREKANI

Jambo hili lina mabingwa wake. Vyuo vikuu vikubwa vya Marekani vimelifanya kwa karibu miaka mia moja. Mtoto wa mhitimu anapata upendeleo wa urithi, kana kwamba nafasi ya masomo ni shamba la minazi.

Wengi hudhani ni mila ya zamani ya mapenzi kati ya chuo na familia. Si hivyo. Mwanasosholojia Jerome Karabel alitoa kitabu mwaka 2005, The Chosen, kinachofuata historia ya Harvard, Yale na Princeton. Miaka ya 1920 vijana wa Kiyahudi, wengi wao watoto wa wahamiaji, walikuwa wanafaulu mitihani ya kuingia kwa wingi ambao wakubwa wa vyuo hawakuupenda. Basi vikaanza vigezo vipya: tabia, haiba, picha ya mwombaji, jina la baba, na baba mwenyewe alisoma wapi. Walipoona mtihani unaingiza watu wasiowataka, wakabadilisha maswali. Swali la "nani jamaa yako" lilizaliwa ili kufunga mlango. Mtu akikuambia ni mila, muulize mila ya nani dhidi ya nani.

Namba tunazo, kwa sababu Harvard ilishtakiwa ikalazimika kufungua hifadhidata yake mahakamani. Kwa waombaji wa miaka sita waliochunguzwa, watoto wa wahitimu walikubaliwa kwa takriban asilimia 33. Wengine wote, takriban asilimia 6. Mchumi Peter Arcidiacono na wenzake walichapisha uchambuzi wa data hiyo mwaka 2019: zaidi ya asilimia 43 ya wanafunzi Wazungu waliokubaliwa walikuwa ama wanamichezo walioteuliwa, ama watoto wa wahitimu, ama watoto wa wafanyakazi wa chuo, ama walio kwenye orodha maalumu ya mkuu wa udahili. Kwa Waafrika wa Marekani, Waasia na Walatino ilikuwa chini ya asilimia 16.

Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua vyuo visizingatie tena rangi ya mwombaji. Ona kichekesho: baada ya hukumu hiyo mtoto mweusi hawezi kuongezewa kitu kwa sababu ya rangi yake, lakini hukumu yenyewe haikugusa nyongeza ya mtoto wa mhitimu. Ndipo majimbo yakaanza kuona aibu. Colorado ilikuwa imeshapiga marufuku kwenye vyuo vyake vya umma mwaka 2021. Mwaka 2024 zikafuata Virginia, Maryland, Illinois na California, na California imegusa hata vyuo vya binafsi. Hata George W. Bush, ambaye baba yake na babu yake walisoma Yale naye akahitimu hapo hapo mwaka 1968, alipoulizwa mwaka 2004 akiwa rais alisema nafasi zitolewe kwa uwezo wa mwombaji. Kama hata yeye ameona, sisi tunangoja nini?

Na kwa mtu wa kazi yangu, jambo kubwa ni hili: MIT hawafanyi. Caltech hawafanyi. Sehemu zile ambako hesabu ikikataa imekataa, hawakuiona haja ya kumwuliza mtoto baba yake alikuwa nani.

SISI TUNAIJUA HII SAFU

Kuna anayesoma na kusema, hayo ya Marekani yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Mombasa imeishi na safu hii kabla ya kompyuta.

Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ilifungua shule hapa mjini ikaitwa Shule ya Waarabu. Jina lenyewe lilikuwa fomu ya udahili. Elimu ya Kenya ya ukoloni iligawanywa kwa nasaba: shule za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu, za Waafrika. Wenyeji wa mji huu, Thenashara Taifa, walitumia miaka mingi wakipigania waandikwe wapi kwenye daftari la mkoloni, kwa sababu daftari liliamua kodi na haki zako. Lile jengo zuri la Allidina Visram unalopita kila siku lilijengwa kwa kumbukumbu ya mfanyabiashara aliyefariki mwaka 1916, likawa shule ya watoto wa Kihindi. Kule Tudor, taasisi iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 1951 kwa jina la Mombasa Institute of Muslim Education ilikuwa ya vijana wa Kiislamu. Baada ya uhuru ikafunguka kwa wote, ikawa chuo cha ufundi, ikawa Polytechnic mwaka 1972, na mwaka 2013 ikawa Technical University of Mombasa. Sisemi waliotoa pesa zao kuzijenga walikuwa watu wabaya. Wengi walikuwa wakarimu, na majengo yao bado yanasomesha. Nasema tu kwamba babu zetu walijua vizuri sana maana ya kuulizwa "wewe wa nani?" kabla ya kuulizwa "wewe wajua nini?"

Sasa tazama ramani. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Moi 1984. Kenyatta 1985. Egerton 1987. Jomo Kenyatta cha kilimo na teknolojia 1994. Maseno 2001. Hakuna hata kimoja cha Pwani. Mpaka 2007 ndipo tukapata vyuo vishiriki viwili, Kilifi na Tudor, na vikapewa hati ya kuwa vyuo vikuu kamili mwaka 2013. Yaani kutoka Nairobi kupata chuo kikuu mpaka Pwani kupata cha kwake kilichokamilika ni miaka 43.

Miaka 43 ni vizazi viwili vya wazazi. Mtu anapopendekeza mtoto wa mhitimu aongezewe alama, hata nne, hata moja, kwa hakika anapendekeza ramani ile ya 1970 hadi 2013 iendelee kutoa alama. Ungeiweka safu hiyo kesho katika mfumo wa kitaifa, wa kwanza kulipa angekuwa mtoto wa Likoni, wa Kisauni, wa Lamu, wa Tana River, wa Garissa. Baba yake hakukosa akili. Chuo kilikuwa mbali, nauli haikuwako, na hakuna aliyemwambia fomu inajazwaje. Ndiyo sababu nashangaa zaidi kulisikia ombi hili likitoka kwa mzee wa Pwani, katika shule iliyoko Pwani. Tunalalamika miaka nenda miaka rudi kwamba tumeachwa nyuma, halafu tukipata kimlango chetu kimoja, tunaweka pale pale mtu wa kuuliza "wewe wa nani?"

KOMPYUTA ISIYOULIZA, NA BINADAMU WANAOJUANA

Tuje kwa kompyuta. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 iliunda KUCCPS, ikachukua kazi ya ile bodi ya zamani, JAB. Hawa ndio wanaopanga wanafunzi vyuoni baada ya KCSE. Kwa miaka mingi hesabu imekuwa hivi: unachukua masomo manne yanayohusika na kozi, upeo pointi 48. Unachukua jumla ya masomo saba, upeo 84. Unagawanya ya kwanza kwa 48, ya pili kwa 84, unazidisha, unatafuta kipeuo cha pili, unazidisha kwa 48. Kisha waombaji wa kozi wanapangwa kutoka juu kwenda chini hadi nafasi ziishe.

Nimeitazama hesabu hiyo mara nyingi. Ina kasoro zake. Lakini haina safu ya jina la baba. Haijui mjomba wako ni profesa. Mtoto wa mbunge na mtoto wa muuza viazi karai pale Mwembe Tayari, wakiwa na pointi sawa, kwa kompyuta ile ni namba mbili zilizo sawa. Katika nchi ambayo hata foleni ya feri mtu anatafuta wa kumpitisha mbele, hilo si jambo dogo.

Mlango wa pembeni umewahi kuwapo, wa pesa. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mpango wa wanafunzi wanaojilipia, na vyuo vingine vikafuata. Ukikosa pointi za kozi lakini una C+ na mfuko, ulipita. Baada ya mitihani kukazwa mwaka 2016, alama A zilishuka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka 2015 hadi 141, waliopata C+ na zaidi wakawa 88,929, na kwa kuwa serikali ingeweza kuwapanga wote, mlango huo ukakosa wateja. Nataja hili ili tusijidanganye kwamba Marekani ndiko kuna wapendeleaji na huku kwetu ni malaika.

Na sasa nikiri langu, maana si haki kumvua mzee wa watu kanzu nami nimejifunika.

Mimi nilibebwa. Mwaka wangu wa KCSE tulikuwa marafiki wawili wa baraza moja. Tofauti yetu kwenye matokeo ilikuwa kidogo sana, na kwa hisabati yeye alinizidi. Wakati wa kuchagua kozi, mimi nilikuwa na ami, ndugu yake baba, aliyesoma chuo kikuu. Alinikalisha chini jioni nzima. Akaniambia: tazama pointi za mwisho za mwaka jana kwa kila kozi. Ya kwanza weka unayoitamani, ya pili weka unayoweza kuipata, ya tatu weka usiyoweza kuikosa. Na dirisha la kubadilisha likifunguliwa, rudi uangalie tena. Rafiki yangu hakuwa na ami wa namna hiyo. Alikwenda saiba peke yake, akajaza kozi zilizo na majina makubwa, zote za pointi za juu kuliko zake. Dirisha la kubadilisha lilipofunguliwa hakujua kama lipo. Mimi nikapangiwa sayansi ya kompyuta. Yeye akapangiwa kozi ambayo hakuitaka, akaenda muhula mmoja, akarudi. Leo ana duka la simu na anaishi vizuri, alhamdulillahi, wala hanilaumu. Lakini kila ninapoandika hesabu ngumu namkumbuka, kwa sababu huyu ndiye alikuwa akinifundisha.

Kompyuta ile haikuniuliza nina jamaa gani, nami jamaa yangu alinifaa hata hivyo. Undugu na wahitimu unafanya kazi kabla mtoto hajabonyeza kitufe cha kutuma. Unafanya kazi kwa habari: nani anakuambia shule gani ina maabara, nani anajua kozi ipi inakubaliwa na bodi, nani anakukopesha kompyuta. Mtoto wa mhitimu tayari ana alama zake nne, na hazikuandikwa popote. Kumwongezea nyingine ni kumpa aliyeshiba sahani ya pili huku mwenzake hajanawa mikono.

MAJIBU YA WALE WATAKAONIPINGA

Najua mtakayosema, kwa sababu nilishayasikia kwenye kikao.

Kwanza: "Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mzazi alikuwa hodari, na mtoto atakuwa hodari." Vizuri. Basi mtihani utamwonyesha. Kama uhodari amerithi, alama nne za nini? Anayehitaji kuongezewa ni yule ambaye hakuurithi.

Pili: "Wanafunzi wa zamani ndio wanaochangia. Ukiwaudhi, pesa zitakauka." Chuo cha Johns Hopkins kiliacha upendeleo huu kimya kimya mwaka 2014, kikatangaza wazi mwaka 2020. Katikati hapo, mwaka 2018, mhitimu wao Michael Bloomberg aliahidi dola bilioni 1.8 kusaidia wanafunzi wasio na uwezo. Hazikukauka. Na mchango unaotolewa ili mwanao aongezewe alama si mchango. Ni ununuzi, na tuuite hivyo, tuuandikie ankara.

Tatu: "Hata serikali hupendelea." Kweli. Makerere kuanzia mwaka 1990 iliwaongezea wasichana pointi 1.5, na hapa Kenya maeneo yaliyoachwa nyuma yamepunguziwa pointi za kuingia vyuoni. Unaweza kuyapinga, na wengi wameyapinga. Lakini yalitangazwa. Kila mtu anajua ni pointi ngapi, za nani, kwa sababu gani, na yanaweza kuondolewa sababu ikiisha. Tena yanampa yule ambaye njia yake ilikuwa ndefu. Nyongeza ya mzee wetu inampa aliyezaliwa karibu na mlango, na sababu yake haitaisha kamwe, maana kila kizazi kitazaa.

Nne: "Shule ni kama familia." Familia haitozi ada ya maombi isiyorudishwa kwa watu ambao imeshaamua kuwapunguzia nafasi.

KILICHOTOKEA

Kikao cha nne nilikwenda na pendekezo. Nikawaambia: shule ni yenu, pesa ni zenu, mimi ni fundi. Nitaiweka safu, kwa sharti moja. Kwenye ukurasa wa kwanza wa fomu, kabla mzazi hajalipa, patokee mstari: mwombaji mwenye mzazi au ndugu aliyesoma hapa ataongezewa alama nne. Kama jambo ni la haki, tulichapishe.

Wakatazamana. Mwalimu mmoja mwanamke aliyekuwa mwisho wa meza akainamisha kichwa, nadhani alikuwa akificha tabasamu. Mzee akaniambia, bila hasira, "Mwanangu, ukiandika hivyo watu watasema tunapendelea."

Nilimjibu, "Ndiyo, mzee."

Hapo kazi ikaisha. Nusu ya kwanza ya malipo nilishapokea, nusu ya pili sikuidai. Mama yangu aliposikia alinitazama muda mrefu kisha akauliza kama mwenye nyumba wangu naye atalipwa kwa misimamo. Sikuwa na jibu zuri, na mwezi ule nilikula kwake zaidi ya kawaida. Safu ile nimesikia imeandikwa na kijana mwingine. Namfahamu, ana mtoto mchanga, na simlaumu sana. Mzee nilikutana naye msikitini, akanishika mkono vizuri kuliko nilivyotarajia. Si mtu mbaya. Anawapenda wajukuu wake. Sheria nzuri zipo kwa ajili ya mapenzi ya namna hiyo, kwa sababu kila mtu anayo na kila mtu akiyafuata mlangoni, asiye na mtu hataingia.

NINACHOTAKA

1. Kila shule na chuo, cha umma au binafsi, kichapishe vigezo vyake vyote vya kuingia na uzito wa kila kigezo, kabla mwombaji hajalipa hata shilingi. Kigezo kisichoweza kuchapishwa kiondolewe.

2. Waandishi wenzangu wa programu: ukiombwa safu kama hii, usiiandike kimya kimya. Uliza swali moja tu: itaonekana na nani? Sisi ndio tunaojua kilichomo ndani ya mfumo. Tukinyamaza, mzazi wa Majengo atabaki akiamini mwanawe alishindwa mtihani.

3. Vyama vya wanafunzi wa zamani, nanyi mnayo kazi, na ni nzuri. Mnachokijua ndicho mali. Kigaweni. Kaeni Jumamosi moja mahali penye watoto wasio na ami, muwaonyeshe pointi za mwisho zinasomwaje, dirisha la kubadilisha linafunguliwa lini, mkopo unaombwaje. Haligharimu shule nafasi hata moja.

4. Wazazi: ulizeni. Mkipewa fomu, ulizeni kwa maandishi kama kuna nyongeza ya aina yoyote. Wakikataa kujibu, mmeshajibiwa.

Mimi nimeanza na la tatu, maana ndilo lisilohitaji ruhusa ya mtu. Yule rafiki yangu wa duka la simu ametupa nafasi ya nyuma ya duka na meza, nami nina kompyuta mbili kuukuu. Dirisha la KUCCPS likifunguliwa tutakuwa pale kila Jumamosi baada ya Adhuhuri. Yeye ndiye atakayefundisha zaidi. Anasema anayajua makosa yote, kwa sababu aliyafanya mwenyewe.

Haya, uwanja ni wenu. Wale mliopata nyongeza za namna hii semeni nanyi, sitawatukana. Na kama umewahi kuandikiwa barua ya kutakiwa heri ukiwa na 80 yako, ningependa zaidi kukusikia wewe.